Picha ya Mwili Mzima

Mama yangu hakuniomba zawadi. Siku naondoka alinishika mkono uani kwetu Kariakoo, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wanaosha vyombo, akaniambia: "Baba, ukifika huko Mosko piga picha uniletee. Mwili mzima, viatu vionekane. Na usijifunike."

Alikuwa na sababu. Kijana wa nyumba ya pili alipokwenda Ulaya kusoma alikuwa akituma picha za koti tupu: koti juu, koti chini, uso unachungulia kama kobe. Mtaa mzima tukasema, ah, mwenzetu kanenepa! Aliporudi wakamshusha kwenye teksi kama mwavuli uliokunjwa, na Idi hakuifikia, tukamzika. Tangu hapo mama hakuiamini picha ya mtu aliyejifunika. Na kwetu picha ilikuwa miguu. Mpiga picha akikukata miguu, ulimrudishia picha yake.

Basi mimi, msomi wa madarasa ya jioni, niliyejifunza hesabu baada ya zamu huku kichwa kikigonga dawati kwa usingizi, nikapelekwa na kiwanda chetu cha nguo kwenda kujifunza mitambo. Sandukuni nilitia suti ya mikono mifupi, rangi ya maziwa, kazi ya fundi wa Mtaa wa Kongo. Suti ya picha hiyo.

Baridi ya Mosko nikiieleza sitaaminika. Nilipiga chafya, ikaanguka chini ikavunjika. Sasa Jumapili moja wakatutembeza mjini, mimi na mwenzangu wa kiwandani, Mchaga mmoja mwenye kamera ya kuazima. Aliyetuongoza alikuwa mkalimani, binti aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao, Kiswahili kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe.

Tukaingizwa kituo cha treni ya chini ya ardhi. Marumaru mtindo mmoja, na mataa yananing'inia kama harusi za Wahindi wa Upanga zimekusanywa usiku mmoja. Nikasema moyoni, mama angevua viatu mlangoni. Tukaenda mtoni, mto umeganda, watu wanapita juu yake na mizigo yao bila wasiwasi. Kando ya daraja, katika theluji ile ile, bibie mmoja amesimama analamba aiskrimu! Nilicheka mpaka kifua kikauma, halafu nikageuka kumwambia mtu, nikakuta ninayetaka kumwambia hayupo. Siku nzima ilikuwa hivyo. Kila kizuri nilichokiona kilinitia uchungu, maana macho niliyokuja nayo yalikuwa mawili, na nilitaka manne.

Tulipofika kwenye ule uwanja mkubwa, penye kanisa lenye vichwa vya rangi rangi kama vitunguu, nikajua ndipo hapa.

"Imebaki picha moja," alisema mwenzangu, meno yakigongana kama cherehani.

"Si ulisema umezaliwa mlimani, baridi ni shemeji yako?"

"Huyu si shemeji, huyu ni mkwe. Simama upesi!"

"Ngoja nivue koti."

"Uvue nini?"

"Koti. Mama anataka mwili mzima."

"Mama yako anataka maiti?"

Mkalimani akaruka. "La hasha, ndugu! Usithubutu kuvua koti! Utapatwa na kichomi!"

Nikamwambia, "Dada yangu, kichomi kina dawa. Mama akikosa usingizi, dawa yake sijui."

Nikavua. Koti, kofia ya manyoya, sweta, na sweta ya ndani ya sweta. Nikasimama na suti yangu ya mikono mifupi, mikono ubavuni, kifua mbele, kama niko studio. Watu wakasimama. Nadhani nusu ya Mosko ilisimama. Tabasamu nililolitoa likagandia pale pale, sikuweza hata kulirudisha. Mwenzangu naye akawa anabonyeza, wapi! Vidole havimtii.

Mara akatoka bibi mmoja katikati ya watu, mfupi, mnene, kajifunga mtandio mpaka kidevuni, kapu mkononi. Akaweka kapu chini, akaokota koti langu kwenye theluji, akalikung'uta, na huku anafoka. Hakuniuliza. Alinitia mkono mmoja, akanitia wa pili, kisha akaanza kunifunga vifungo toka chini kwenda juu, kila kifungo na maneno yake. Akanishindilia kofia mpaka masikioni. Akanipiga kofi dogo la begani, kisha akanishika kola kuinyoosha.

"Anasema nini?" nikamuuliza mkalimani.

Binti wa watu akaniokotea sweta. "Anauliza, mama yako yuko wapi."

Nikafungua kinywa nijibu, mimi ambaye mtaani kwetu sijawahi kukosa jibu. Yalitoka machozi, nayo yakagandia mashavuni.

Ndipo kidole cha mwenzangu kikapata nguvu. Kamera ikalia, filamu ikaisha.

Picha ile sikutaka kuituma. Koti juu, koti chini, na uso wa kobe anayelia. Lakini nyingine sikuwa nayo, na mama alikuwa anangoja. Nikampa mtu aliyekuwa anarejea nyumbani.

Yaliyotokea uani alinisimulia dada yangu. Picha ilizungushwa mkono kwa mkono, wapangaji wakaanza kunong'ona. Mmoja akashindwa kujizuia: "Mbona kajifunika? Halafu analia. Huyu anaumwa, mama, tusifichane."

Mama akaipokea, akaisogeza kwenye mwanga, akamtazama yule bibi na mikono yake kwenye kola yangu.

"Haumwi," akasema. "Amenikumbuka tu."

Halafu akaingia nayo chumbani, akafunga mlango, na mpaka jioni hakuna aliyethubutu kumgongea.