Ng'ombe wa Watu Bomani Mwetu

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu rafiki yangu hadi chakula kikakataa kushuka. Tulikaa dawati moja miaka minne, tukaazimana sweta na sabuni, na barua za chuo kikuu zikatufikia wiki moja. Babake alikuwa mchuuzi wa samaki Homa Bay. Wangu alikuwa mkulima huku Uriri.

Waliotutangulia walisomeshwa na serikali, wakapewa hata pesa za matumizi, wengine wakanunua redio. Zamu yetu ilipofika, tukaambiwa mzazi achangie, na asiyeweza aombe mkopo. Fomu ya mkopo iliuliza mzazi ana mali gani, na chifu ndiye aliyethibitisha.

Sasa, mchuuzi hakuwa na malisho, kwa hiyo ng'ombe wake sita waliishi kwetu. Ndivyo watu wetu wanavyofanya: unampa rafiki ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Bomani mwetu mlikuwa na kumi na wanne. Sita wa mchuuzi, watatu wa mtu ambaye Baba alimwita tu "rafiki yangu", na watano wetu.

Siku chifu alipokuja, nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu amfungue Baba mdomo. Wapi! Chifu alipouliza, "Mzee, hawa wote ni wako?" Baba akakaza kofia kichwani na kujibu, "Si unawaona kwangu?" Chifu akahesabu kwa kalamu, mmoja mmoja, akaandika kumi na wanne.

Majibu yakaja. Mwenzangu alipewa mkopo wote. Mimi sikupewa hata senti, eti babangu ana uwezo. Uwezo! Mtu mwenye suruali moja ya kanisani!

Rafiki yangu alikuja kuniaga na sanduku jipya. "Usijali," akaniambia, "si babako atauza tu ng'ombe wawili watatu?" Wa nani? Wa babake? Watano wetu hata tungewauza wote, karo isingefika mwaka wa pili. Nilicheka naye meno nje, na moyoni nikatamani lile sanduku lipasukie stendi ya Homa Bay, nguo zake za ndani zimwagike watu wakiona.

Alipoondoka nilimsihi Baba aende akaseme ukweli.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, kwa upole ulioniudhi zaidi, "mtu akikuamini na ng'ombe wake, humtangazi."

"Na mimi je, Baba?"

Alichukua jembe akaenda shambani.

Basi kesho yake nikaenda kwa chifu mwenyewe. Nilijua kabisa kwamba nikisema, mkopo wa rafiki yangu ungefutwa. Nilitaka ufutwe. Kama ni kukaa nyumbani, tukae sote.

"Chifu," nikasema, "sita si wa Baba. Ni wa mchuuzi fulani wa Homa Bay, na binti yake amepewa mkopo. Naomba uandike upya."

Chifu aliweka kalamu chini. "Na wale watatu wenye mabaka?"

"Hao sijui ni wa nani."

"Ni wangu," akasema. "Mwakani kijana wangu naye ataomba mkopo. Sasa nikianza kuandika kila ng'ombe kwa mwenyewe, msichana wangu, nianzie wapi?"

Wala hakukasirika. Aliuliza kama Mama hajambo, akaniambia nimsalimie Baba.

Nilirudi kwa miguu, nikilia bila kujificha. Rafiki yangu alisafiri Jumatatu. Mimi chuo kikuu sikukiona. Lakini jioni ile ya kutoka kwa chifu nilichukua ndoo nikaingia bomani, maana ng'ombe hawangoji mtu amalize kulia. Wale wa chifu ndio waliokuwa na maziwa mengi.