Barua Moja, Kopi Ine

Batoto ba jirani bakimaliza masomo banakujaka kwangu na karatasi nyeupe. «Mama, tufundishe kuandika barua ya kuomba kazi.» Mimi mwenye nilifika wa ine primeri, darasa la ine tu! Nabacheka kwanza. Kisha nabahadisia barua yangu, juu katika maisha yote niliandika moja, na ile moja ilinipeleka mbele ya komanda wa basoda.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili, wakati Beni na Butembo ilikuwa na serkali yake ya rébellion, ya baasi, na kashe yake ya kupigia karatasi, na basoda bake. Kinshasa tulikuwa tunaisikia kwa radio kama inchi ya batu bengine. Mimi nilitoka Beni, kule Ruwenzori, na mutoto mwanamuke mugongoni na sufuria kichwani. Baba yake alitutangulia kukimbia, na mpaka leo angali anakimbia. Nikafika Butembo, nikaanza kuuzisha sombe, majani ya muhogo.

Ule mutoto alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa vile. Batu banapenda kusema «ni vita ilifanya», kama vile vita iko na mikono. Hapana, mimi nataja mwenye alifanya. Ni basoda ba ile rébellion yenyewe, bale balisema banatulinda. Balivunja mulango wa kituo chetu cha afya mchana kweupe, bakabeba dawa yote, bakabeba bandeji, bakabeba hata saa ya ukutani. Mutoto akashikwa na homa ya ubongo siku zile zile. Muganga alinifungulia kabati nione mwenyewe: ndani mulikuwa buibui. Mutoto akapona, masikio ikakufa. Jina la komanda wao siandike, juu pengine leo iko mwimbaji wa kanisa. Lakini akisoma hapa atajijua.

Basi tukajitengenezea luga yetu ya mikono. Bugali ilikuwa kufinya ngumi. Mvua, vidole vinashuka juu ya kichwa. Soda, yule mwenye bunduki, ilikuwa kuku: mukono unashuka mbio, unanyakua, unaficha kwapani. Ile sikumufundisha mimi. Aliiokota mwenyewe siku balibeba kuku zetu tatu, na alikuwa anaifanya muzuri kupita basoda benyewe.

Butembo, juu ya kilima, kulikuwa masomo ya batoto viziwi. Aliyeongoza ilikuwa mutawa mumoja, Ma Sœur, mwenye alivaaka bottes, viatu virefu vya mupira, kwa kuchunga mbuzi zake. Nikamupelekea mutoto.

«Mama, kalasi yangu imejaa mpaka mulangoni,» akaniambia. «Nikipata mwalimu wa pili, nafungua kalasi ya pili, na huyu wako anaingia. Bila mwalimu wa pili, utanisamehe.»

Wakati anasema, mutoto alikuwa ameshika rozari ya Ma Sœur, anavuta. Nikamugusa bega, akanitazama, nikamwambia na mukono: acha. Naye akanijibu.

«Anasema nini?» Ma Sœur akauliza.

«Anasema hizi maharagi zako hazijaiva.»

Ma Sœur akacheka mpaka mbuzi zikageuka. «Na wewe ulijifunza wapi kusema hivi?»

«Nyumbani.»

«Basi na wewe leta barua ya kuomba ile kazi. Napokea mpaka Ijumaa saa sita ya mchana. Saa saba naandika jina la mutu, na nafunga.»

Nikashuka kilima miguu haishike udongo. Kama barua yangu inapita, mutoto anaingia masomo. Kama haipite, atabaki chini ya meza ya sombe, batoto ba soko banamutupia maganda ya ndizi.

Mbele ya biro za serkali kulikuwa mwanaume na masini ya kuandika, tulimwitaka Sekreteri. Alikuwa mutumishi wa serkali kweli, alitumwa kwetu kutoka provensi ya mbali kabla ya vita. Vita ikakata inchi, mushahara ukabaki ng'ambo ile, yeye akabaki ng'ambo yetu na masini.

«Mama na ngai, mama yangu, kazi gani?»

«Ya kufundisha batoto viziwi.»

«Diplome?»

«Wa ine primeri.»

Akatosha mikono juu ya masini, akaifuta kwa suruali. «Bon. Tutaandika: elimu ya kutosha.»

«Andika kama najua kusema na mikono. Andika mutoto wangu alikuwa anasikia, kisha...»

«Ah non, mama. Barua ya biro haibebake machozi. Mutoto, homa, kuku, ile yote unaacha inje pamoja na udongo ya viatu.»

Akapiga masini kwa Kifaransa, kisha akanitafsiria: «Nina heshima kubwa kupita zote ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu...»

«Mamlaka ya juu ni nani?»

«Si Ma Sœur wako?»

«Ule anavaa bottes, anakamua mbuzi?»

«Kwa karatasi, mama, kila mutu ni mamlaka ya juu.»

Akafika chini, nikafikiri tumemaliza. Lakini njo akavuta pumzi sasa, kama mupishi anaweka chumvi. «Na hapa, kopi kwa kujulisha. Ya kwanza, Bwana Meya. Ya pili, komanda wa basoda. Ya tatu, mukaguzi wa masomo. Ya ine, shefu wa kartie yako, wa mutaa.»

«Komanda? Yeye anafundisha wapi?»

«Komanda njo serkali. Barua bila kopi ni bugali bila mboga: inashuka, lakini hapana mutu anaisifu. Utamupelekea kila mutu kopi yake, atakupigia kashe juu ya karatasi yako. Ma Sœur akiona kashe ine, atakupokea amesimama.»

Namutaja na yeye pia, ule Sekreteri. Hakuiba kitu. Lakini kama kuna mutu alifunga inchi yetu na kamba ya kopi, ni bandugu zake bote benye masini.

Jumatano nikaanza na shefu wa kartie, nikijua ni jirani. Akasoma kidole kwa kidole mpaka chini. Uso ukabadilika.

«Mimi wa mwisho? Chini ya mukaguzi?»

«Papa shefu, ni masini njo iliandika.»

«Masini inajua unalala kwa kartie ya nani?»

Akapiga kashe, lakini kichwa chini miguu juu, kwa hasira. Kwa mukaguzi nikakuta ameenda shamba kulima, yeye pia serkali ilikuwa imemusahau. Bibi yake alikuwa anapika. Akafungua kikapu cha vitunguu, akatosha kashe, akapiga na mikono ya unga. Kwa Meya, mulinzi wa mulango akapokea kopi, akaitia mufuko wa kaputula. Labda mpaka leo iko mule.

Alhamisi nikaenda kwa komanda. Mutoto nilimubeba, juu hapana mutu wa kumuachia.

Komanda alikuwa kwa baraza ya nyumba ya mufanyabiashara mumoja, bati nzuri, rideau nzuri dirishani. Mwenye nyumba alikuwa amekimbia, naye komanda akamusaidia kuilala. Nyuma yake soda moja amesimama, bunduki begani, na kwapani kuku muzima mwekundu.

«Unanijulisha nini?» komanda akauliza, karatasi mukononi.

«Naomba kazi, afande.»

«Kwangu?»

«Hapana, kwa Ma Sœur.»

«Sasa juu ya nini mimi?»

«Banasema wewe njo serkali.»

Ile ikamupendeza, akanyoosha miguu. Lakini akafikiri tena, na komanda akifikiri ni hatari. «Serkali haijulishwake bure, mama. Mutu anakuja kunijulisha kama jirani anaficha bunduki. Wewe unakuja na kashe mbili, moja kichwa chini. Kuna nini kule kilimani?»

«Kuna batoto viziwi, afande. Banasema na mikono.»

«Banasema bila sauti! Na basoda bangu batajua namna gani banasema nini?»

Mungu wangu. Sikuwahi kufikiri kama kunyamaza kunaweza kuwa kosa. «Ni maneno ya nyumbani tu, afande. Kula, kulala.»

«Onyesha. Bugali?»

Nikafinya ngumi.

«Mvua?»

Nikashusha vidole.

«Soda?»

Pale nikakumbuka alama yetu ya soda. Nikatazama ule kuku kwapani, kuku naye akanitazama. Nikasimama wima, nikaweka mukono kwa kipaji, nikapiga saluti ya muzuri kabisa.

Mutoto akanikodolea macho, anaona mama yake amesahau luga. Akanivuta kikwembe. Akaonyesha komanda na kidole. Kisha polepole, ili mimi nielewe, akashusha mukono, akanyakua, akaficha kwapani.

Yule soda wa nyuma akaanza kukohoa.

«Anasema nini?» komanda akauliza.

«Anasema... afande iko na mukono ya nguvu. Ya kukamata.»

«Kukamata nini?»

«Adui.»

Kuku akalia. Soda akageuka ukutani, mabega inaruka ruka.

«Mutoto wa akili,» komanda akasema. Akachukua bahasha yangu yote, na ndani mulikuwa kopi, na ile yenye kashe, na barua yenyewe ya Ma Sœur. «Nitaifanyia uchunguzi. Rudi wiki kesho.»

Wiki kesho! Na mimi nilikuwa na Ijumaa saa sita.

Ile usiku sikulala, na asubuhi sikurudi kwa Sekreteri. Ningemupiga na masini yake. Nikakaa sokoni juu ya muzigo wa sombe, nikaomba jirani mwenye kuuzisha chumvi anipasulie karatasi moja ya kaye yake ya hesabu, akaongeza na biki ya kuandikia. Nikaandika kwa Kiswahili chetu, herufi zinapanda na kushuka kama njia ya milimani kule Alimbongo. Naikumbuka yote:

«Ma Sœur, jambo. Barua yangu ya muzuri iko kwa komanda. Hii ni ya mubaya. Nilifika wa ine primeri. Mutoto wangu alikuwa anasikia, sasa hasikie, na ni miaka tatu tunasema na mikono. Najua kungoja anitazame kwanza, njo niseme. Najua kumugusa bega, hapana kumuvuta. Najua kama akipiga bengine ni juu aliuliza kitu, hapana mutu alimujibu. Jana alimwambia komanda kama ni mwizi wa kuku, mimi nikatafsiri ingine. Yeye alisema kweli, mimi nikasema uongo. Ukinipa kazi, sitatafsiri uongo tena, ila mbele ya basoda. Kopi: hapana mutu.»

Nikapanda kilima na mutoto, tunakimbia, jua limekaribia katikati. Ma Sœur alikuwa kwa mulango na bottes zake. Akasoma pale pale amesimama. Kufika kwa maneno ya komanda akacheka, akatosha lunettes machoni, akafuta. Akarudisha lunettes, akasoma tena ile ya bega, na pale hakucheka.

«Hii ya kugusa bega, nani alikufundisha?»

Nikamuonyesha mukono wangu, alama ya meno. «Mutoto mwenyewe alinifundisha.»

Akaenda kwa meza yake, akavuta droo, akanionyesha karatasi sita. «Ona. Zote sita zina heshima kubwa kupita zote. Zote sita herufi ya *e* imevunjika mukia, ni masini moja. Kuna mwenye diplome ndani, kuna mwenye mwaka kumi ya kazi, lakini hata mumoja haniambie kama alikwisha kuona mutoto kiziwi na macho yake.» Akafunga droo. «Jumatatu saa moja na nusu. Mwezi moja ya kujaribu.»

«Na mutoto?»

«Mama, kalasi ya pili nitafunguliaka nani?»

«Wasingya,» nikasema, asante yetu ya Kinande. Kisha nikakumbuka. «Nimujulishe Meya?»

«Ukijulisha mutu, nakufukuza.»

Ile Jumatatu mutoto wangu akaingia kalasi. Ma Sœur alikuwa na kitabu cha alama za kweli, za bazungu, na mule soda iko na alama yake ya heshima, mikono miwili juu ya kifua. Nilifundisha vile kitabu kinasema. Kufika Jumatano kalasi nzima ilikuwa inakamata kuku. Ule binti yangu alikuwa mwalimu kuliko mimi.

Siku kadhaa zikapita, njo tunaona soda anaingia kwa kiwanja, ule ule wa kikohozi, na bahasha yangu mukononi. Uchunguzi ulikuwa umeisha. Juu ya barua komanda alikuwa amepiga kashe kubwa, ameandika: «Nimeona. Hapana shida.» Soda akanipa, akangoja kidogo mulangoni, ile kungoja tunaijua, ya kuomba kitu kidogo ya barabara.

Batoto bote bakageuka. Mikono kumi na mbili ikashuka, ikanyakua, ikaingia kwapani.

«Banasema nini?» akaniuliza. Sasa hakukohoa: siku ile kwa komanda alielewa juu kuku ilikuwa kwapani mwake, leo kuku hapana, aliona mikono ya batoto tu.

Nilikuwa nimeahidi. Lakini niliandika pia: ila mbele ya basoda.

«Banakusalimia.»

Uso wake ukafunguka kama wa mutoto. Sijui ni muda gani hapana mutu alikuwa amemusalimia bila kuogopa. Akaegemeza bunduki, akajaribu: mukono chini, nyakua, kwapani. Batoto bakapiga meza kwa furaha. Akarudia tena, muzuri zaidi, akasahau hata kuomba. Akashuka kilima anasalimia vile kila mutu wa njia, mama za sombe, bafundi ba pikipiki, mpaka akapotea kwa kona.

Ile karatasi ningali nayo, njo naonyeshaka batoto ba jirani. Kashe ya komanda iko juu. Chini yake kuna alama ya mafuta, kidole kizima. Ni mafuta ya kuku. Hapana mutu anidanganye, kuku zangu nazijua.