Kwanza Jua Utalengea Wapi

Nakumbuka siku moja kule Hounslow, jikoni kwa Shaabani, mwenzangu wa zamu ya mizigo uwanja wa ndege, nilipotangaza kwamba nitaomba kibali cha kumiliki bunduki ya kulengea shabaha. Yeye na wenzetu wa zamu walicheka mpaka chai ikapoa.

“Polisi wa Uingereza wakupe bunduki wewe?” Shaabani akasema. “Labda ya maji, kaka.”

Mwanangu, hawakunijua. Nilifika London na sanduku moja, nikabeba mizigo ya watu huku nasoma, mpaka nikapata diploma ya usafirishaji kwa alama za juu. Leo nimerudi Tanga, nyumba yangu ni ya ghorofa, na diploma iko sebuleni. Ukija utaiona kabla hujaniona mimi. Kwa hiyo uliponiandikia kutoka Barking kwamba klabu ya shabaha imekukubali na sasa unataka kuchagua bunduki, ulimwuliza mtu anayejua.

Klabu yetu ilikuwa Harrow, na uwanja wake ulikuwa wa ndani. Nilikuwa nimemaliza miezi ya majaribio kwa bunduki za klabu. Kilichobaki ni kuwaeleza polisi nataka bunduki gani na kwa sababu gani. Sababu ikiwa dhaifu, kibali hupati, na ukiomba tena utaulizwa kwa nini ulikataliwa.

Mimi nilikuwa nimeshachagua: bunduki kubwa ya wawindaji, risasi zake ndefu kama kidole. Hata picha ya kutuma nyumbani nilikuwa nimeipanga kichwani. Mtu wa Ulaya hapigi picha na kitu kidogo.

Nikamwonyesha Mzee Kanti bunduki hiyo kwenye simu. Huyu ni Mhindi mzaliwa wa Moshi, mwenye duka la miwani, mlengaji bora wa klabu, na hakumwacha mtu asahau hilo.

“Nzuri,” akasema. “Utapigia wapi?”

“Si ni hapa hapa, mzee?”

“Hapa tumeruhusiwa risasi ndogo tu, ya kipimo cha pointi ishirini na mbili. Kijana, unachagua bunduki au suti ya harusi? Askari atakuuliza swali hilo hilo, na yeye hana utani.”

Nikamkumbusha kwamba nina diploma.

“Hongera. Lala chini.”

Nikalala kwenye mkeka, akanipa bunduki yake ndogo. Kitako kilikuwa kirefu kwangu, ikabidi ninyooshe shingo ndipo nione shabaha. Akakifupisha kwa bisibisi, shingo ikatulia. Kisha akanipa risasi za viwanda mbalimbali, zote za kipimo kile kile. Za bei ghali zilitawanya matundu karatasini. Za bei ya kati zikayakusanya mahali pamoja. Akasema kila mtutu una risasi zake unazozipenda, na dawa ni kujaribu tu.

Nikaomba ya pointi ishirini na mbili. Askari akaja nyumbani, akakagua kabati la chuma nililolifunga ukutani, akauliza kwa nini bunduki hiyo. Nikamweleza nitalengea wapi, umbali gani, na kwa nini risasi ile inatosha. Hakuuliza tena. Kibali kikaja, na mwaka uliofuata nikaingia timu ya klabu, jambo ambalo wengi pale hawajalipata mpaka leo.

Basi mwanangu, anza na uwanja, kwa sababu uwanja ndio utakaokuambia risasi, na risasi ndiyo itakayokuambia bunduki. Usinunue kabla hujalala nayo mkekani na kuona kama kitako kinakufaa. Chukua risasi unazomudu kupiga kila wiki, maana mkono hufundishwa na mazoezi. Na picha za kutuma nyumbani, subiri upate medali.

Mungu akupe pumzi tulivu na jicho lisilo na haraka, na kila ukifunga kabati lile, akulinde wewe na wote wanaolala nyumba moja nalo.