Kambo Alivyokalia Shimo

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani hapa Likasi, nikasikia sururu ndani ya nyumba ya mtu: ku, ku, ku. Rafiki yangu, moyo ulinidunda kama siku ile nikiwa mtoto. Ngoja nikuambie.

Mimi na dada yangu tuliishi kwa kambo. Ndivyo tunavyomwita nyanya. Babu alikuwa ameshakufa, naye amebaki na nyumba ya matofali na miguu ya kuvimba. Kila asubuhi aliinjika chai, akafagia kiwanja, akatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiugombeza mgongo wake kama mtoto mtundu.

Miaka ile watu walichimba madini hata ndani ya nyumba zao. Kwa jirani, ukuta ulikuwa umeshapasuka. Mjomba, kitinda mimba wa kambo, naye akaota utajiri chini ya saruji yetu. Kambo alipokwenda kanisani, mjomba akaleta makreseri, wale wachimbaji wa mkono. Kambo aliporudi, shimo la kufika magotini lilikuwa katikati ya chumba cha mbele.

Hakupiga kelele. Alishusha kigoda ndani ya shimo, akaketi, sinia ya maharagwe mapajani. Tukashika pumzi, maana makreseri wanaamini mwanamke akikaa shimoni, madini hukimbia.

“Mama, unalalia mayai?” mmoja akamtania.

“Njo, ndivyo,” kambo akajibu. “Na kuku ya mayai inadonoa macho.”

Walicheka, lakini hakuna aliyeinua sururu. Mjomba mishipa ya shingo ilimsimama.

“Mama, toka! Hii njo itatutosha mu mateso, itutoe mu umasikini!”

“Nyumba ikianguka, nitalala fasi gani? Kwako? Weye mwenyewe unalala kwangu!”

Makreseri wakaondoka wakisonya. Mjomba akabaki amemsimamia, sururu mkononi, pumzi zikimtoka kwa nguvu. Nilimbana dada yangu mkono mpaka akalia. Kambo aliendelea kuchagua maharagwe, ila mengine yakamdondoka kwenye udongo.

Ghafla mjomba akatupa sururu, akatoka. Tulijua anawafuata wenzake. Jua lilipoinama tukasikia hatua zake mlangoni. Kambo akashika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili.

Alikuwa na nusu mfuko wa saruji begani.

“Mama, inua miguu,” akasema polepole.

Haikuinuka. Ilikuwa imekufa ganzi. Basi mjomba akashuka shimoni, akaiinua mwenyewe, mmoja mmoja, akaipakata na kuisugua kwa muda mrefu. Kambo alimwekea mkono kichwani, ukabaki pale.

Leo kambo hayuko tena. Mjomba anahangaika na madini kule Kakanda, na nyumba nyingi za mtaa ule zimebomoka. Yetu imesimama. Wapangaji wameweka friji pale kati, hawajui kwa nini saruji ya pale ni nyeusi zaidi. Mimi bado naota kurudi kuishi humo, na watoto wengi, na kelele. Nikiwatembelea, hupita pembeni taratibu, kama vile mtu bado ameketi.