Kikuba cha Zuhura na Maziwa ya Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu alinikagua kucha kabla hajanitazama uso. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, Mwingereza angali anatawala, nami nilikuwa nimetoka Upareni na sanduku la bati na cheti cha ukunga msaidizi. Sista alikuwa Mzungu, mkuu wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mjini Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa kama ngazi iliyokosa vipago, lakini kilimfikisha alikotaka.

"Wewe tazama kwanza," aliniambia. "Dawa nyuma. Kama hapana jua kitu gani nagusa ngozi, hapana fungua chupa."

Nilimjibu "Ndiyo, Sista," kama tulivyojibu kila kitu, nikapelekwa meza ya magonjwa ya ngozi.

Pale ndipo nilipojifunza ukurutu, ambao vijana wa leo mnauita pumu ya ngozi. Ngozi hukauka, huwasha, hupasuka. Ukiikuna hutoa majimaji, kisha hufanya magamba. Hauambukizi. Upele ni kitu kingine: huo huletwa na kidudu, hupenda katikati ya vidole, na ukiingia nyumbani hujikuna baba, mama, watoto na mgeni aliyelala siku moja. Kwa wanawake ukurutu hupenda kukaa chini ya titi penye jasho, au kuizunguka chuchu wakati wa kunyonyesha. Na hapo kulikuwa na kazi nyingine, maana wanawake waliona haya kusema. Walikuja wakidai "kifua kinanisumbua," wakapewa dawa ya kikohozi, wakarudi nayo haijafunguliwa. Tukajifunza kuuliza taratibu: "Kifua cha kukohoa, dada, au cha mtoto?" Hapo wangecheka, na akicheka mtu huvua kanga.

Nilifanya kazi mjini miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa kliniki ya mama na watoto upande wa Temeke, tukihudumia mpaka Mtoni na vijiji vya barabara ya Kilwa. Mkubwa wangu pale alikuwa Bwana Dresa Mkuu, aliyesimamia usafishaji wa vidonda na ugawaji wa dawa. Mtu mkunjufu, kaptula nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Mara moja kwa juma Sista alikuja kutukagua.

Ndipo akaja Zuhura. Alikuwa binti wa Mtoni, mzazi wa mara ya kwanza, ndiyo kwanza ametoka arobaini. Mgongoni mtoto wa kiume, mbele yake mama mkwe, Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

"Nesi, mtazame mkwe wangu," alisema Bi Mwanaidi. "Matiti yote mawili yamechachamaa. Maziwa yameingia ubaya. Mie nataka mtoto aachishwe, apewe ya kopo."

Zuhura aliinama. "Mama, mtoto ananyonya vizuri."

"Ananyonya kwa kuwa hajui anachonyonya!"

Nyie mliozaliwa juzi huenda msione uzito wa maneno hayo. Mtoto wa umri ule akiachishwa, alipewa maziwa ya kopo yaliyozimuliwa kwa maji ya kisima, ndani ya chupa isiyochemshwa. Kuhara kulifuata, na watoto wengi tuliwapoteza hivyo. Kilichokuwa mezani pale hakikuwa kuwashwa tu.

Bwana Dresa alichungulia kwa mbali, kwa heshima, akatamka kama hakimu: "Mama akijikuna, upele huo. Kiberiti!" Maana yake malhamu ya kiberiti, mafuta mazito ya manjano yaliyoua kidudu cha upele vizuri sana. Zuhura akaondoka nayo.

Juma lililofuata alirudi analia. Ngozi ilikuwa imewaka, nyekundu, inavuja. Na alinukia! Kiberiti, marashi, asumini na atari, vyote kwa pamoja, hata mama aliyekaa naye benchi moja akapiga chafya akahama.

"Umejipaka nini tena, mwanangu?" nikamuuliza.

"Sijajipaka kitu, Nesi. Hiyo dawa yenu inanuka kama baruti. Mume wangu amesema hawezi kulala chumba kimoja na baruti, ananiletea asumini niue harufu."

Siku hiyo Sista alikuwepo. Bi Mwanaidi akamwendea moja kwa moja kudai maziwa ya kopo. Sista hakubishana naye. Alimchukua mtoto, akamning'iniza kwenye mzani, akamtoa, akampakata na kumgeuza huku na huku kama mtu anayechagua boga sokoni.

"Maziwa mbaya?" alisema. "Mama, hii mtoto nanenepa kama bwana shauri! Maziwa mzuri. Ngozi ndiyo nalia. Ngozi ya nje, maziwa ya ndani."

Benchi zima likacheka kusikia mtawala wa wilaya akifananishwa na kichanga, na Bi Mwanaidi naye akajikuta anacheka. Lakini hakushindwa. "Basi nawapa mpaka mwezi uandame," alisema. "Ngozi isipopoa, kopo linafunguliwa."

Sista akasimamisha kiberiti. Akaagiza vitambaa safi vilivyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, viwekwe pale panapovuja. Pakikauka, apake mafuta mazito ya parafini, yale kama vaselini, yasiyo na manukato, na kabla ya kunyonyesha ayapanguse taratibu. Sabuni ya kipande asiitumie kifuani, maji matupu yanatosha. Kanga mpya aifue kabla ya kuivaa, itoke wanga na rangi. Kisha akanigeukia. "Wewe nakwenda nyumbani kwake. Natazama nini nagusa hii ngozi."

Nilikwenda na baiskeli ya kliniki, alasiri ya Alhamisi. Bi Mwanaidi alikuwa uani na jirani zake, mkeka umejaa maua.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, karibu. Watu wa bara mnapendaga baiskeli! Kaa basi, usitukanyagie asumini."

Wakacheka, nami nikakaa. Walikuwa wanatunga vikuba. Kikuba, kwa msiokijua, ni kishada kidogo cha asumini, rehani na mkadi kilichofungwa kwa uzi, kikanyunyiziwa marashi na kutiwa atari. Mwanamke hukibandika ndani ya nguo, kifuani, mumewe akinuse anapoingia. Maua aliyaleta Shabani, mume wa Zuhura, seremala mwenye mapenzi ya waziwazi, na tangu kiberiti kiingie nyumbani alikuwa akileta mara mbili ya zamani.

Zuhura alitoka kuoga, akachukua kikuba kimoja na kukibandika mbele yangu. Nikamwomba tuingie ndani. Nilipotazama, ukurutu ulianza pale pale kikuba kilipolala, katikati ya matiti, ukasambaa kushoto na kulia mpaka karibu na chuchu, kila mahali atari ilipochuruzika na jasho.

"Ulipokuwa kwenye arobaini ulivaa hivi?"

"Nilikuwa kwa mama yangu, Nesi. Nani angeniletea maua?"

"Na ngozi ilikuwaje?"

Akafikiri. "Ilikuwa nzima."

Hatukuwa na kipimo cha kuthibitisha. Njia yetu ilikuwa kuondoa kitu kimoja, kungoja na kutazama. Nikatoka uani nikasema kikuba kiwekwe kando kwanza. Ungedhani nimetukana msiba.

"Nesi," alisema Zuhura, machozi yakimlenga, "unataka nilale kama mjane?"

"Huyu wa bara anajua nini kuhusu vikuba?" akadakia jirani mmoja. "Kwao wananukia moshi!"

"Kwetu tunanukia moshi," nikamjibu, "lakini hatuwashwi."

Walivyoangua kicheko, kuku walikimbia. Bi Mwanaidi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameshika kidole cha mama yake na kukinyonya kwa uchu. Mwishowe akanyoosha mkono, akamvua mkwewe kile kikuba, akakichomeka nyweleni mwa Zuhura, nyuma ya sikio.

"Haya. Hapo mdomo wa mtoto haufiki, na pua ya Shabani inafika. Au mwanangu ni mfupi?"

Mwezi ulipoandama ngozi ilikuwa imekauka na kuanza kulainika, na haikuwasha tena kiasi cha kumnyima usingizi. Kopo halikufunguliwa. Bwana Dresa alisikia kisa chote, akajipiga paji la uso, na toka hapo kila mama aliyekuja na ukurutu aliulizwa kwa sauti kuu: "Kikuba wapi?" Wengine hawakuwa na kikuba wala mume.

Baadaye nilihamishiwa Kibamba, barabara ya Morogoro, ambako hakukuwa na asumini ila mafuta ya taa, yaliyopakwa kila palipowasha. Dawa ikawa ile ile: tazama kwanza. Huko ndiko nilikokomaa, na nimestaafu nikiwa mkuu wa kliniki, nikiwakagua wengine kucha.

Vijana mnaoingia kazini, chukueni na hili. Ukurutu hupoa, hurudi, hupoa tena. Asikate tamaa mwenye nao, na mama aendelee kunyonyesha. Pakitoa usaha, au mama akishikwa na homa, apelekwe hospitali. Na kidonda kilichokaa kwenye chuchu ya titi moja tu, kisichopona hata mkitumia dawa inavyostahili, msikiite ukurutu mkatulia. Mwonesheni daktari mapema, maana kansa huweza kujivika sura hiyo.

Siku hizi naishi Mtoni, nalima mchicha. Mwaka jana Zuhura alinijia, mvi zimemjaa, amemshika mkono binti mwenye mtoto mchanga.

"Shikamoo, Nesi. Huyu ni mkwe wangu, ana ukurutu wa matiti."

Nikavaa miwani, nikaweka kikombe chini. Kabla sijafungua kinywa akaendelea: "Sabuni ya manukato nimeitupa. Sidiria ya nailoni nimemvua, nimemnunulia ya pamba. Mafuta anapaka yasiyonukia. Daktari ameshamtazama, amesema ni ukurutu. Na mwanangu aliposema mtoto aachishwe, nimemfukuza jikoni."

"Sasa mimi mmenijia nini?"

"Tumekuja umwone mtoto," akasema, akanipakatisha. Alikuwa mzito.