Siku Mama Mkwe Alipokamata Steringi

Mdogo wangu Pancras alikuwa na kidole kimoja cha maana. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Vingine tisa vilikuwepo kukisindikiza tu. Kwa kidole hicho alikata kona zote kutoka Ngara mpaka Biharamulo, mkono wa pili ukiwa dirishani unawapungia watu kama wa mgombea ubunge. Madereva wenzake walishuka kwenye malori yao mabega yamevimba. Yeye alishuka, akakifuta kidole chake kwa leso, akakitia mfukoni.

Kijijini kwetu Mugoma watoto walimwita Kidole, naye aliitika. Mimi nilimwita mpumbavu, maana nilimlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, na haki hiyo ninayo. Nilimwambia mara nyingi kwamba sifa si ya kidole, ni ya lori. Shirika la usafirishaji lilikuwa limempa lori lenye steringi ya pawa, yaani lina pampu inayosukuma mafuta mekundu kwenye mipira, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya kazi; dereva anaonyesha tu anakotaka kwenda. Nilimwambia mafuta hayo yakikauka atakitafuta hicho kidole asikione. Akacheka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila mwenye kukimbia haulizi ukingo uko wapi.

Basi Kidole akapenda. Alimpenda Justina, binti wa Bulugu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akatulia Nyakahura, akapangiwa kiwanja kwenye mstari wa kijiji cha ujamaa kama watu wengine. Bulugu hakukataa wala hakukubali. Alisema mkewe, Mama Suzana, amekwenda hospitali Ngara kung'olewa jino, na akirudi ndiye atakayetoa neno. Ikapangwa siku ya gulio, mwezi wa pili mwaka wa sabini na tisa, wazee wa pande zote mbili wakae wamsikilize.

Siku mbili kabla, ikaja barua. Lori na dereva wake walitakiwa Biharamulo asubuhi ya siku inayofuata gulio, wapeleke unga na maharage kwa askari wetu vitani. Nani alijua vita vitakwisha lini? Bulugu naye alikuwa amekwisha kusema hatamweka binti nyumbani kumsubiri mtu ambaye bado si mkwe. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi.

Mtu mwenye akili angetulia nyumbani akaomba Mungu. Pancras akaamua asubuhi ya gulio aende kumchukua Mama Suzana hospitali kwa lori, ili ajionee mwenyewe kidole kinavyofanya kazi. Hapo ndipo nilipoingizwa mimi.

Kwetu Wahangaza na kwao Wasukuma tunapatana katika jambo moja: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawaitani majina, na wakiweza hawaongei. Hata posa ikiwa bado mbichi, heshima inaanza. Sasa utawapakia vipi watu kama hao mbele ya lori moja? Unaweka ukuta katikati. Ukuta nilikuwa mimi, Melania, mwenye mimba ya miezi saba na kichefuchefu cha asubuhi, mchana na jioni.

Mama Suzana alipanda na kuku mmoja wa kienyeji, na kibuyu cha samli aliyokuwa amempelekea nesi akakuta nesi amehamishwa. Alikuwa na mabega ya mtu aliyetwanga mtama miaka thelathini bila likizo.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Malahaba, mwanangu. Mwenye gali yuko salama?"

Mwenye gari alikuwa amekaa upande wangu wa pili, anatazama nje kwa adabu. "Yuko salama, mama," nikajibu, na safari ikaanza.

Tulipomaliza kushuka vilima vya Ngara, chini ya boneti kukaanza mlio wa kukoroma na kulia.

"Mwulize kama amepakia ng'ombe anayezaa," akasema Mama Suzana.

Nikamgeukia Pancras. Nilimwona akiongeza kidole cha pili kwenye steringi, halafu cha tatu. Vilipotimia kumi na jasho likaanza kumtiririka, akasimamisha lori.

Nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari wa matone mekundu mpaka kwenye kona. Mpira unaotoka kwenye pampu ulikuwa umepasuka, na kile kikopo cha mafuta ya steringi kilikuwa kikavu. Pancras alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga mpira ule kwa nguvu kama anayefunga kidonda. Lakini mafuta mengine angetoa wapi? Wakati ule kila kitu chenye utelezi mkoani Kagera kilikuwa kimekwenda vitani. Hata mafuta ya taa tulipata kwa kibali, sembuse ya steringi.

"Melania," akasema Mama Suzana, "mwambie mwenye gali samli ninayo."

Nikamwambia mwenye gari, ambaye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwetu na masikio yake mazima. Alisita kidogo, kisha akaipasha samli kwenye boneti mpaka ikayeyuka, akaimimina.

Ikakubali! Pampu ikanyamaza, steringi ikalainika, na yule mshenzi akarudisha kidole kimoja. Tulikwenda maili kama nane hivi kwa raha. Halafu samli ikapata moto. Harufu ikatoka kama jikoni kwenye harusi, na tulipofika Kasulo mbwa wa kijiji kizima walikuwa nyuma yetu wakilamba barabara. Mimi na kichefuchefu changu sitaeleza kilichotokea dirishani. Haukupita muda, ukanda wa tyubu ukalegea, na samli yote ikabaki kwa mbwa.

Pancras akaingia chini, akautoa mkanda unaozungusha pampu, maana pampu ikizunguka kavu inakufa. Sasa lilikuwa lori lenye magunia sabini ya maharage ya askari na steringi ngumu kama kinu. Alivuta kwa mikono miwili, akavuta kwa kusimama, akavuta kwa kupiga magoti kwenye kiti. Barabara iliyonyooka aliiweza, lakini kona zikamshinda. Nikajaribu kumsaidia. Tumbo langu likafika kwanza, likakandamiza honi, likakaa hapohapo mpaka Pancras aliponivuta kwa mabega. Mbwa wakakimbia, hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana.

Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya lori. "Dada," akasema, "wazee wamekaa sasa hivi. Nimekwisha."

Niseme kweli, roho iliniuma. Nilimwona yule mtoto niliyemfunga mgongoni nikienda naye kuchota maji, amekaa pale, vidole vyake vyote vimechubuka na hana hata kimoja cha kujivunia. 

Mama Suzana akakohoa. "Mwambie mwenye gali, lisilo budi hutendwa. Wewe hamia dilishani. Mimi nakaa hapo kati."

"Mama, lakini heshima..."

"Heshima itakuja. Tuwahi kwanza."

Akajitanda kanga ikaning'inia upande wa kulia wa uso wake, asimwone wala asionwe. Akakamata steringi upande wa kushoto. Pancras akakamata upande wa kulia, shingo ameigeuzia mlangoni kiasi kwamba niliogopa itapinda. Kona ya kwanza ikaja.

"Melania, mwambie avute kulia."

"Pancras, anasema vuta kulia."

"Mwambie nimesikia, ila alegeze kidogo."

"Mama, anasema ulegeze..."

Tulikuwa ndani ya shamba la mihogo la mtu. Tulirudi barabarani kwa shida. Kona ya pili tukaangusha chanja cha kukaushia mtama. Ya tatu sikuiona, kichwa changu kilikuwa nje. Nilipokirudisha ndani wote wawili walikuwa wananipa maneno kwa wakati mmoja, huyu vuta, huyu legeza, nikapandwa na hasira.

"Mimi si simu!" nikapiga kelele. "Nimechoka! Ongeeni na kuku!"

Nilikusudia kuwatukana. Mama Suzana akalipokea neno hilo kama shauri la mtu mzima. Akampandisha kuku juu ya dashibodi, katikati, akamfunga mguu kwa upindo wa kanga.

"Kuku," akasema, "naona kona ya kushoto."

Pancras akamtupia kuku jicho. Halafu mdogo wangu, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu: "Kuku, nami nimeiona."

"Kuku, tuvute."

"Kuku, navuta."

"Vuta, kuku!"

"Navuta, kuku, navuta!"

Lori likakata kona vizuri kabisa. Kuku alimgeukia huyu, akamgeukia huyu, kama katibu wa kikao anayeandika kumbukumbu. Kuanzia hapo hatukugusa shamba la mtu. Kila kona walivuta pamoja, wakapumua pamoja, na mimi nikalala.

Niliamshwa na gogo. Yaani gogo la kizuizi, na mgambo mmoja, Faustini, mwenye gobori na macho makali. Ilikuwa vita, watu walionywa kila siku juu ya wapelelezi.

"Ndugu dereva ni nani?" akauliza, anatazama mikono minne kwenye steringi moja.

"Ni mimi, ndugu," akasema Pancras.

"Na huyu ndugu mama?"

Pancras angemwitaje? Akamgeukia kuku. "Kuku, mweleze afande sisi tunawahi Nyakahura."

Faustini akarudi hatua moja, akashika gobori vizuri. "Kuku ndiye anayetoa maelezo? Hiyo ni lugha ya mafumbo! Shukeni wote! Na kuku ashuke!"

"Afande," nikasema, "huyu ni mdogo wangu, na huyu ni mama mkwe wake. Steringi imevuja mafuta. Wafanye nini?"

Yule mgambo aliduwaa. Kumbe na yeye ana mama mkwe. Akainamisha uso, akatupa gobori begani, akalifungua gogo kinyumenyume asije akawaona wakiwa vile. "Piteni, jamani," alisema akiwa ametupa kisogo. "Mungu awafiche. Piteni upesi."

Mungu hakutuficha. Tuliingia Nyakahura saa tisa, gulio limejaa, na kona ya kuingilia kwa Bulugu ni kali kuliko zote. Ilibidi wavute mpaka bega likagusa bega. Muuza chumvi akaacha kupima. Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Bulugu, wanatazama barabarani, wakashuhudia mama mzima amebanana na mwanamume anayemposa binti yake, wanamfokea kuku. Baba yetu mdogo, Anatoli, akavua kofia akajifunika nayo uso. Justina alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Akarudi ndani nalo.

Tukashuka. Hakuna aliyetupa pole. Pancras alisimama kando ya tairi, anatazama viatu vyake. Nilijua imekwisha. Kesho angeondoka kwenda vitani bila neno la mtu, na mimi ningebaki Mugoma nikisikiliza redio.

Bulugu alikuwa mtu mrefu, mwenye kusema polepole ili usipate pa kumkatiza. "Mama Suzana," akasema, "wazee hawa wamekaa tangu asubuhi wanakungoja wewe. Kijana huyu anataka mtoto wetu. Umemwonaje?"

"Sikumwona," akasema Mama Suzana. "Nitamwonaje na ni mkwe? Nilijitanda kanga."

Wazee wakaguna.

"Kumwona sikumwona," akaendelea. Alikuwa bado hajaketi, anajikanda mkono. "Lakini nimeshika naye usukani tangu Kasulo mpaka hapa. Nilipovuta kulia, alivuta kulia. Nilipochoka, alisikia kabla sijasema, akavuta sehemu yangu. Bulugu, mimi na wewe tuna miaka ishilini na minane. Nikivuta kulia, wewe unavuta kushoto. Nikikuuliza, unasema ndiyo balabala yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mzee pale alikuwa anamkumbuka mke wake. Bulugu alitazama chini, na mimi nikaona uso wake umekuwa wa mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Alipoinua kichwa, sauti yake haikuwa ile ya kikao.

"Na leo, mama," akamwuliza, "tunavuta wapi?"

"Tunampa mtoto. Tena leo, kabla hajaondoka."

"Haya," akasema Bulugu. "Leo navuta na wewe."

Mdogo wangu akalia mbele ya gulio zima, na Justina akatoka ndani bila sinia.