Samahani na Masikio ya Mzee Jiwe

Darasani walimwita Samahani, maana kijana huyo, mrefu mpaka anainama milangoni, aliomba radhi hata akigonga kiti. Wanafunzi wa udaktari walipogawanywa kwenda kuhudumia jamii, yeye alipangiwa zahanati ya gereza. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, usije ukaomba samahani mpaka wakakufungia humohumo!"

Siku ya kwanza, askari wa zamu alimleta mzee mmoja aliyelalamika kuumwa kichwa.

"Huyu ni Jiwe. Ukimwita haitiki, ukimwamuru hatii. Kiburi kitupu!"

"Shikamoo, mzee," Samahani akaamkia. Kimya. Akarudia. Kimya tena.

"Si nilikwambia?" askari akacheka.

Lakini mzee alikuwa amekazia macho midomo ya kijana, kama anayesoma maandishi madogo. Samahani akapiga magoti, akamchungulia sikio kwa kile kifaa chenye taa. Nta nyeusi, ngumu, imeziba kabisa. La pili vilevile. Mwalimu wake, daktari mama asiyependa maneno mengi, akachungulia naye.

"Atiwe matone ya kulainisha. Wiki ijayo utamsafisha wewe mwenyewe."

Basi wiki nzima Samahani alijizoeza jikoni kwa bomba la sindano, akisafisha chupa ya soda kama sikio, hadi dada yake akamfukuza kwa kulowesha sakafu.

Siku ikafika. Maji ya uvuguvugu yakaingia taratibu. "Samahani, mzee. Samahani. Samahani tena." Mara pande la nta likadondoka kwenye beseni. Mzee akashtuka, akageuza shingo dirishani. Nje wafungwa walikuwa wanafua, mmoja akipiga mluzi. Aliusikiliza ule mluzi mpaka ukaisha, ndipo akamgeukia kijana.

"Mbona unaniomba samahani hivyo, mwanangu? Umenikosea nini?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Askari peke yake hakucheka. Alivua kofia.

"Mzee wangu, nilidhani unanidharau."

"Na mimi nilidhani wewe ni mtu mpole. Kumbe unapiga kelele hivi!"

Hapo askari naye akashindwa kujizuia, akacheka huku akijifuta macho.

Wiki iliyofuata foleni ya masikio ilifika uani, na wengine hawakuwa na tatizo lolote. Samahani aliwaangalia wote, koti limelowa hadi viwikoni, huku mzee, kwenye benchi la mlangoni, akiwahakikishia waoga kwamba haiumi hata kidogo.